Triko Ndani ya Tairi

Sanduku la mama lina harufu tatu. Ya kwanza ni udi. Ya pili ni nafthalini, vile vidonge vyeupe ambavyo mama alivitia kwenye kila pembe ya nyumba kana kwamba nondo wa Bujumbura nzima walikuwa na miadi naye. Ya tatu ni mpira wa gari. Nilipoinua kitenge cha mwisho kule chini, hiyo ya tatu ikanipanda puani, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Baba alikuwa kibarazani akingoja nimalize kupanga nguo, maana arobaini ilikuwa imepita na wanawake wa mtaa walikwishaanza kuulizia vitenge kwa adabu.

Chini ya kile kitenge palikuwa na sweta ya mtoto mchanga. Ya njano, vifungo vitatu vya mbao, na mstari mweusi umeipita mgongoni kutoka bega hadi bega. Kwetu Buyenzi sweta tunaiita triko. Sikuwa nimeiona tangu nina miaka tisa, na haikupaswa kuwa mle hata kidogo. Mara ya mwisho niliisokomeza kwa mikono yangu miwili ndani ya tairi la lori kwenye karakana ya baba, na sikumwambia mtu. Maisha yangu yote niliamini kwamba jambo hilo tunalijua wawili tu, mimi na Mungu.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Mume wangu husema hata nikilala miguu yangu inaendelea na safari. Nyumbani kwetu Kanyosha sufuria ikiwa jikoni naikagua mara kumi, mlango nikishaufunga narudi kuutikisa, na mtu wangu akiwa njiani simu haitoki mkononi. Watu wanadhani nilizaliwa hivyo. Hapana, ilianza siku moja, na nadhani ninyi wa rika langu mliokulia mtaa wetu mtaielewa kuliko mtu mwingine, kwa sababu mnalikumbuka lile joto na mnayakumbuka yale mabati.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma, karakana ya baba mbele. Baba alikuwa fundi wa matairi. Alfajiri hadi magharibi tuliishi ndani ya kelele za kompresa na nyundo, na harufu ya mpira iliingia hata kwenye wali. Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akaolewa hapa, na akawa mfanyabiashara wa mboga. Mara mbili kwa wiki alipanda na lori hadi Bugarama, kule juu mlimani, akashuka na kabichi, karoti na vitunguu majani vya kuuza sokoni kwetu. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaiona ile milima upande wa mashariki, imekaa kama ukuta, na mimi niliitazama kila siku kwa wasiwasi. Nilikuwa nimeifanyia hesabu zangu.

Hesabu zenyewe zilikuwa hizi. Jua ni moto. Ukisogelea moto unaungua. Milima iko juu, jua liko juu, kwa hiyo mtu akienda mlimani anasogelea jua. Na nilikuwa na ushahidi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya mabati ya jikoni, na siku moja adhuhuri alinituma nipande nizigeuze. Nilipanda bila viatu. Nyayo zilinitoka malengelenge, nikalia, bibi akanipaka mafuta ya mawese huku akinicheka. Kutoka uani hadi kwenye bati ni kimo cha mtu mzima na kidogo, lakini joto lake lilikuwa la jehanamu. Sasa Bugarama, ambako lori linapanda asubuhi nzima, kungekuwaje?

Kulikuwa na kitu kimoja kilichonisumbua katika hesabu hizo. Watu walioshuka kutoka juu na malori walikuwa wamevaa makoti. Makoti mazito, kofia za sufu, wengine wamejifunga na blanketi, wanateremka pale barabarani jasho likiwatiririka. Niliwaonea huruma. Niliamua kwamba watu wa mlimani hawajui kuvaa. Mtoto wa Buyenzi hakosi jibu, na akilikosa analitengeneza.

Mwaka ule mama alijifungua Shabani, mdogo wangu, mtoto wa kiume waliyemngoja muda mrefu hadi bibi akawa ameanza kusema maneno. Mama alinunua sweta kuukuu ya mzungu kwenye mitumba, akaifumua uzi kwa uzi, akaufuma upya kuwa triko ya mtoto. Nilimshikia uzi jioni nyingi, mikono nimeinyoosha mbele hadi inakufa ganzi. Mnajua wanawake wetu na watoto wachanga. Hata jua likiyeyusha lami, mtoto anavalishwa sufu, kofia na soksi, asije akaingiwa na upepo. Shabani alipofika miezi saba, shingo na mgongo wake vilikuwa vyekundu kwa vipele vya joto. Alilia usiku na mchana. Bibi alimpaka unga wa muhogo na kusema, "Joto itaniulia mutoto." Neno hilo lilinikaa. Niliamini kabisa kwamba joto lingemuua, na kwamba aliyepewa kazi ya kulizuia ni mimi.

Ndipo mama akasema atapanda na Shabani. Siku za kwanza alimwacha kwa bibi, lakini mtoto alikataa uji, alitaka ziwa la mama tu, na biashara haikuweza kungoja. Kwa vile shule ilikuwa imefungwa, nami ningekwenda, nimbebe mtoto wakati mama anachagua kabichi.

"Mama," nikamwambia, "kule yulu, kule mulimani, si ni karibu na jua?"

"Ni karibu na Mungu," akasema, akicheka, mikono imo kwenye sufuria ya maharage.

"Nasema kweli. Shabani atachomwa."

"Zuhura, we na maneno yako. Leta chumvi."

Nilimuuliza tena wakati wa kuoga. Nilimuuliza mara ya tatu alipokuwa akipanga kapu la mtoto, nepi, chupa ya maji, pakiti ya biskuti, na juu kabisa ile triko ya njano. Safari hii hakucheka kwa sauti, alinigonga tu kidole kwenye paji la uso na kusema, "Kichwa hii, siku moja itapasuka." Akaenda kulala.

Sikulala vizuri. Niliiona triko ile imemkaba Shabani kule juu, jua limemwinamia, na vipele vyake vinachemka. Baada ya adhana ya alfajiri, mama akiwa anatawadha na baba yuko msikitini, niliitoa triko kwenye kapu, nikatandaza nepi juu ili pasionekane pengo, nikakimbia karakanani. Palikuwa na matairi manne ya lori yamepangwa moja juu ya jingine yakingoja kuzibwa. La chini kabisa niliweza kulifikia kwa kupitisha mkono katikati. Niliisukuma triko ndani ya ule mviringo, ikaenda, ikapotea. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilijiona nimemwokoa mdogo wangu, na nilipanga kumwambia mama tukisharudi, anisifu.

Tulipanda nyuma ya lori tupu pamoja na wanawake wengine wa mboga. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kuimba, na wote walimwita shefu. Shabani alikuwa na fulana tu. "Tutamuvalisha kule yulu," mama alisema, na mimi nikageuza uso nisimtazame. Mji ulibaki chini, kisha ziwa likaonekana lote, jeupe kwa mwanga. Nyuma yetu vijana wa baiskeli walilishika lori kwa mkono mmoja wakivutwa kupanda, kama mnavyowajua, na mmoja alikuwa amevaa koti la mvua nikamcheka.

Nilingoja joto. Kila kona nilisema sasa, sasa tutaanza kuunguzwa. Masikio yakaziba, yakafunguka, yakaziba. Upepo ukabadilika. Mikono yangu ilianza kusimama vinyweleo, nikadhani ni woga. Kisha nikaona kitu cha ajabu ndani ya kapu. Pakiti ya biskuti ilikuwa imevimba. Tuliondoka nayo nyumbani ikiwa bapa, sasa imejaa, imenyooka kona zote, kana kwamba mtu aliipuliza. Nilimwonyesha mama. Akasema biskuti zimeoza, nisimpe mtoto.

Bugarama hakukuwa na jua kabisa. Kulikuwa na wingu, na wingu lenyewe halikuwa juu, lilikuwa barabarani, kati ya watu na mbuzi na marundo ya karoti. Niliposhuka miguu yangu ilikanyaga tope la baridi hadi meno yakagongana. Sikuelewa. Nilitazama juu kulitafuta jua kama mtu aliyedanganywa. Wauzaji wote walikuwa wamevaa makoti, na sasa mimi ndiye niliyekuwa sijui kuvaa.

"Lete triko," mama akasema.

Nilimpa kapu. Alitoa nepi moja, ya pili, ya tatu. Akalimwaga kapu zima juu ya gunia. Akalitikisa.

"Triko iko wapi?"

Nilikuwa na nafasi pale, ni kweli. Mdomo wangu ulifunguka. Lakini uso wa mama ulikuwa umebadilika, na mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza, nikasema, "Sijui."

Mama hakupoteza muda. Alimfunga Shabani kwa kitenge chake cha mgongoni, akabaki na gauni. Alinunua mboga kwa haraka kuliko siku zote. Lakini lori halikuwa tayari, dereva alikuwa anapakia viazi vya mtu mwingine, na rasharasha ikawa mvua kamili. Tulikaa juu ya kabichi chini ya turubai lililotoboka. Nilimkumbatia Shabani kwa nguvu, nikampumulia usoni nimpe joto la kinywa changu. Alilia, kisha akaacha kulia, na kuacha kwake kulikuwa kubaya zaidi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mama alimchukua akamtia ndani ya gauni lake, ngozi kwa ngozi, akawa anasema kwa sauti ndogo njia nzima, "Shabani wangu, Shabani wangu." Tuliposhuka na joto la mji likatupokea, wanawake wengine walianza kuvua mitandio. Mimi nilitetemeka hadi nyumbani.

Siku ya tatu alianza kubanwa kifua. Mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na pumzi ilikuwa na mlio. Hospitali walisema nimonia. Walimtia mpira wa hewa puani, mama akakaa naye, na mimi nikabaki nyumbani na bibi. Baba alinipeleka kumwona mara moja. Bibi alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, hakujali wagonjwa wengine.

"Mama gani anapandisha mutoto mulimani bila triko?" alimwambia mama. "Tumemungoja huyu mutoto miaka mingapi? We unaona kabichi tu!"

Mama aliinamisha kichwa. "Mi njo nilisahabu, mama. Ni kosa yangu. Unisamehe."

Nilisimama pale nimeshika kapu la chakula. Niliona aibu, nataka niseme hivyo hivyo bila kuipamba. Niliona aibu na nikaogopa, na woga ukashinda. Mama aliniangalia mara moja, akaniambia nikatafute maji ya kunawa.

Kesho yake baba aliniita karakanani. Hakuwa na mazoea ya kuniita. Alikuwa amechuchumaa na pampu ya mkono.

"Zuhura, njoo. Shika hapa chini."

Nilishika mrija wa pampu. Akapampu kwa nguvu, mara ishirini hivi, hadi nikautoa mkono. Mrija ulikuwa wa moto.

"Nani ametia moto?"

"Hakuna."

"Hakuna. Ile hewa nimeibana tu. Hewa ukiibana inapata moto. Sasa lete kidole hapa."

Alibonyeza kile kijiti cha katikati ya valvu ya tairi lililojaa. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu juu ya kidole changu, na ilikuwa baridi, baridi kweli, hadi chuma cha valvu kikatoka umande. Tairi lenyewe lilikuwa kwenye jua tangu asubuhi.

"Ilikuwa imebanwa," akasema. "Sasa nimeiachia. Inajitanua, na kujitanua ni kazi. Inatumia moto yake kufanya ile kazi. Ikimaliza, inabaki baridi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Sasa sisi hapa chini tuko ndani ya pampu. Hewa yote ya yulu imetulalia, inatubana. Hewa ya chini ikipanda mulimani, haibanwe sana tena. Inajitanua. Njo maana kule kuko baridi."

"Na jua?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. "Si iko karibu?"

"Jua iko mbali, mama. Mbali mpaka Bugarama na hapa kwake ni kitu kimoja. Na jua haichome hewa. Inapita tu. Inachoma udongo, inachoma lami, inachoma bati. Ile siku ya ndagala ulichomwa na bati, si na yulu."

Nilikumbuka pakiti ya biskuti ikivimba kona kwa kona. Ilikuwa imeniambia njiani, lakini mimi, yule mtoto mwenye majibu, sikusikia. Ujuzi mwingine unafika umechelewa, na ule ulifika ukanikalia kifuani kwa sababu sasa nilijua hakika nilichokifanya. Nilimtazama baba, nikataka kumwambia. Akainuka akaenda kuzima kompresa. Nilipobaki peke yangu nikaenda kwenye rundo la matairi niitoe triko, angalau nimpelekee Shabani. Yalikuwa matatu. La chini kabisa halikuwepo.

Mnaelewa sasa kwa nini situlii? Tairi lile liliondoka na siri yangu ndani yake. Kila lori lililopita mtaani nililitazama magurudumu. Niliota limepasuka njiani na uzi wa njano umetapakaa barabara nzima, na watu wanauliza wa nani. Shabani alirudi nyumbani baada ya siku nyingi, amekonda, yu hai. Lakini kifua chake hakikupona sawasawa. Masika yakija anakohoa hadi leo, na mimi husikia kikohozi hicho hata nisipokuwa naye.

Na bibi hakuacha. Kila harusi, kila akika, kila wageni wakikaa mkekani, alisimulia jinsi mkwe wake alivyokaribia kumuua mjukuu wake kwa kusahau triko. Alisimulia kwa uchungu wa kweli, sasa namuelewa, alikuwa amemngoja sana yule mtoto. Mama alijibu vilevile miaka yote, "Ni kweli, mi njo nilisahabu." Na kila mara, kabla hadithi haijafika Bugarama, alinigeukia akasema, "Zuhura, kaongeze chai." Nilikwenda. Niliongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikakaa jikoni hadi nisikie wamecheka jambo jingine. Bibi alifariki akiamini hivyo. Shabani alikua akiamini hivyo; akiwa kijana mkorofi alimtania mama, "We mama ulitaka kuniuza na kabichi," na mama alicheka naye. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho zikawa nyingi, mama akaugua, akaondoka mbele yangu, na mkono wake niliushika mpaka mwisho bila kusema.

Ndiyo maana niliziacha nguo zilivyo, nikaenda kibarazani na ile triko mkononi. Baba sasa ni mzee, masikio yamechoka na kelele za kompresa, lakini macho ni mazima. Aliiona kabla sijafika.

"Baba, hii ilifika vipi kwa sanduku ya mama?"

Aliichukua, akainusa, akapitisha kidole kwenye ule mstari mweusi.

"Shabani alikuwa hospitali," akasema taratibu. "Mi nafungua tairi nilizibe, natia chuma, triko inatoka. Nikajua ni we. Nani mwingine ana mukono wa kuingia mule? Nikaipeleka kwa mama yako kule kule kitandani. Nikamwambia, leo namuchapa huyu mutoto mpaka achoke."

"Akasema nini?"

"Akasema ukimugusa, mi narudi Uvira." Baba alicheka kidogo, kisha macho yakamjaa. "Akasema, Zuhura aliniuliza mara tatu kama kule yulu jua litachoma mutoto. Mara tatu, na mi nikamucheka. Angejibiwa, asingeitoa. Kwa hiyo kosa ni yangu. Akasema, we unajua mambo ya hewa, nenda umujibu."

Nilishika nguzo ya kibaraza. Pampu, valvu, kidole changu, bati la ndagala. Sikuwa nimemuuliza baba kitu kabla hajaniita siku ile. Miaka yote hiyo haikunijia kujiuliza alijuaje swali langu.

"Kwa nini hakuniambia, baba?"

"Alisema utasema mwenyewe siku utakuwa tayari. Alikuwa anangojea." Akanirudishia triko. "Hakukasirika, mama. Alikuwa anangojea tu."

Nililia pale kibarazani, mtu mzima mwenye watoto, na wanawake waliokuja kuulizia vitenge wakadhani ni msiba unanirudia, wakanipa pole wakaondoka. Kisha nikaanza kutembea. Nilizunguka uani, nikapita pale palipokuwa na karakana, nikarudi, nikatoka tena. Mama hayuko wa kuambiwa. Lakini bado yuko mtu mmoja anayesimulia hadithi ile vibaya, na anaisimulia kwa wanawe.

Shabani ni dereva. Mdogo wangu huyo mwenye kifua kibovu hakuona barabara nyingine duniani isipokuwa ile ile ya kupanda, na anaishi Gasenyi ili awe karibu kuianza. Nilimpigia. Iliita kwa muda, kisha nikasikia injini na upepo.

"Uko wapi?"

"Niko napanda, da Zuhura. Karibu nifike Bugarama. Na kabla ya kuuliza, ndiyo, nimevaa triko. Nimevaa na koti."

"Sikukupigia hiyo."

"Apana? Leo mvua itanyesha basi." Akakohoa, akacheka.

"Shabani, mama hakusahau."

"Hakusahau nini?"

"Triko yako. Siku ile. Aliiweka kwa kapu, kwa mikono yake, mi naona. Mi njo niliitoa. Nilificha kwa tairi la baba. Mama alijua, na akakubali kutukanwa na bibi maisha yote juu yangu."

Injini iliendelea kunguruma upande wa pili. Nilijua pale alipo, ile kona ambapo ziwa linapotea na ukungu unaanza. Nilimwita jina. Kisha nikasikia breki za lori zikiachia hewa, ule mlio mrefu ninaoujua tangu utotoni, na mlango ukafunguliwa, na upepo wa juu ukaingia wote kwenye simu.

"Nimesimama," akasema mdogo wangu. "Sasa anza mwanzo, dada. Sema yote."